Tujifunze Lugha: Njia Moja, Majina Mengi



Wanafunzi wa Kiingereza hutuletea mara kwa mara swali moja: mbona Waingereza wana maneno mengi hivi kwa jambo moja? Tukitafuta katika kamusi neno la kutaja jinsi mtu afanyavyo kazi yake, twakuta "way", twakuta "manner", "method", "means", "technique", "procedure", "process", na mengine tena. Kamusi ndogo yaandika mbele ya karibu kila moja: njia, namna, jinsi. Basi mwanafunzi hufunga kitabu na kuchukua neno lililo refu kuliko yote, akidhani ya kuwa neno refu ndilo la watu wenye elimu. Shida hiyo ndiyo tutakayoitazama leo.

Nayo si shida ya shule tu. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ya Kongo ni mshirika wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na karatasi nyingi za Jumuiya hiyo zaandikwa kwa Kiingereza. Wafanya biashara wetu waenda Kampala na Nairobi. Wagonjwa wetu wapelekwa huko kutibiwa. Jirani zetu wa Rwanda, serikali yao iliamua mwaka 2008 ya kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia mashuleni. Sisi tuliosoma Kifaransa twajiona kuwa na bahati, kwani maneno mengi ya Kiingereza yafanana na yale tunayoyajua. Lakini ndugu wawili wafananao uso si lazima wafanane tabia.

Tuanze nyumbani

Kabla ya kuwashangaa Waingereza, tujitazame sisi wenyewe. Mgeni aliye Bukavu, akitaka kwenda Uvira, huuliza njia. Hawezi kuuliza namna. Binti akitaka kujua sombe hupikwaje, humwuliza mama yake namna ya kuipika. Seremala humwonyesha mwanafunzi wake ufundi wa kushika randa. Karani wa ofisi hutaja utaratibu wa kupata karatasi. Na mtoto asiyewasalimu wakubwa, twasema hana adabu, wala hatusemi hana namna. Hakuna aliyetufundisha tofauti hizi ubaoni. Tulizinyonya pamoja na maziwa ya mama. Mtoto wa Kiingereza naye amezinyonya zake. Sisi tunaojifunza lugha yake tukiwa na akili ya utu uzima, sharti tuzitafute kwa bidii.

Tena lugha yetu ina hazina moja ambayo Kiingereza hakina. Twaweza kutaja namna bila kutumia jina lolote, kwa silabi moja tu iliyo ndani ya tendo: aimbavyo, walivyojenga, tunavyoishi. Hiyo "vyo" yatosha. Kiingereza hakina silabi ya namna hiyo, hivi chatumia neno zima: "the way she sings", "the way they built", "the way we live". Mwanafunzi akumbuke jambo hili, litamfaa maisha yake yote: palipo na "vyo" kwetu, mara nyingi pana "the way" kwao. Wala asiongeze "how" baada yake. Wengi huandika "the way how she sings", nalo ni kosa. Aseme "the way she sings", au aseme "how she sings". Moja latosha, mawili yagombana.

Sababu ya wingi huo

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandie, alivuka bahari na jeshi lake, akawashinda Waingereza karibu na mji wa Hastings, akawa mfalme wao. Yeye na wakubwa wake walisema Kifaransa. Wakulima na wachungaji hawakuacha usemi wao wa zamani. Hivyo kwa miaka mingi nchi moja ikawa na lugha mbili, moja ya mashamba na moja ya baraza. Baadaye wenye elimu wakaongeza maneno ya Kilatini na ya Kigiriki. Lugha hizo zilipochanganyika, maneno ya jambo moja yakabaki pamoja, lakini yakagawana kazi, kama ndugu wagawanavyo shamba la baba.

Sisi pia tumepitia hali kama hiyo. Neno letu "njia" ni la ukoo wa Kibantu. Mkongo aweza kulitambua katika "nzela" ya Kilingala na "nzila" ya Kikongo. Neno "jinsi" lilitoka kwa Waarabu. Yote mawili yamekaa kwetu, na kila moja lina mahali pake. Basi tuyatazame maneno ya Waingereza, moja moja.

"Way", mama wa yote

"Way" ni neno la wakulima wale wa zamani, na maana yake ya kwanza ni barabara. Nalo ndilo neno litumikalo zaidi kuliko wenzake wote katika mazungumzo. Lachukua karibu kila maana: njia ya miguu, namna ya kutenda, desturi ya watu. Ukiwa na mashaka, chukua "way". Mara chache utakosa. Mwingereza mwenye elimu kubwa hulitumia kutwa bila haya.

Husemwa "a way to carry water" au "a way of carrying water", yote mawili ni sawa. Husemwa "in this way", na mara nyingi hata "in" huachwa: "Do it this way", maana yake, ufanye hivi.

Lakini neno dogo lililo mbele yake laweza kugeuza maana yote. "On the way" ni njiani: mgeni bado yu safarini. "In the way" ni kuzuia: gogo limelala barabarani. "In a way" ni kwa kiasi fulani, si kwa ukamili. "By the way" hutumika mtu anapokumbuka neno jingine katikati ya mazungumzo, kama sisi tusemavyo "hata, nilitaka kukuambia". Tuseme kijana amwandikia mwajiri wake "I am in the way", akitaka kusema yu njiani. Mwajiri atasoma ya kuwa kijana huyo amekuwa kizuizi, naye hatajua kama acheke au ahuzunike.

"Manner" na adabu

"Manner" lilikuja na Kifaransa, na shina lake ni neno la Kilatini la mkono. Hapa ndipo tunapokosa sana sisi tuliosoma Kifaransa. Kwa kuwa "manière" husemwa kila siku katika Kifaransa, twafikiri "manner" ndilo la kila siku katika Kiingereza. Sivyo. "Manner" ni neno la heshima, la maandiko na la mahakama. Hutaja hasa jinsi tendo lionekanavyo machoni pa watu: kwa upole au kwa ukali, kwa haraka au kwa utulivu. "He answered in a calm manner": alijibu kwa utulivu. Hapo "in" haiachwi kamwe.

Lina faida moja ambayo mwanafunzi yampasa kuijua. Sifa nyingi za Kiingereza hupata "ly" mwishoni ili zieleze tendo: "quick", "quickly". Lakini "friendly", yaani ya kirafiki, ina "ly" tayari, na haifai kuiongeza nyingine. Basi husemwa "in a friendly manner", au kwa urahisi zaidi "in a friendly way".

Neno hili likiwa katika wingi, "manners", maana yake ni adabu. Askofu William wa Wykeham, aliyekuwa askofu wa Winchester katika karne ya 14, alianzisha chuo cha New College pale Oxford mwaka 1379 na shule ya Winchester mwaka 1382. Shule hizo mbili zashika mpaka leo neno lake la hekima: "Manners makyth man", yaani adabu ndiyo imfanyayo mtu kuwa mtu. Askofu huyo hakutaja mali wala ukoo. Wazee wetu, waliosema mtu ni utu, wangemwelewa bila mkalimani.

"Method" ni ahadi

Neno "method" asili yake ni Kigiriki, na ndani yake mna neno la Kigiriki la njia. Lakini si njia iliyokanyagwa ovyo. Ni njia iliyopangwa: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa sababu zijulikanazo. Wanafunzi waliofika madarasa ya juu wamesikia habari za Descartes, yule Mfaransa aliyefundishwa na Wajesuiti wa La Flèche, ambaye mwaka 1637 alitoa kitabu chake juu ya "méthode" ya kuongoza akili. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Kitabu chake kilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1912, kiliitwa "The Montessori Method". Hata jina la Wamethodisti, wanaojulikana sana huko Katanga, lilitoka humo. Katika karne ya 18 wanafunzi wa Oxford waliwatania John Wesley na wenzake kwa sababu walipanga sala, masomo na matendo yao ya huruma kwa saa na kwa siku. Utani ukageuka kuwa jina.

Basi angalieni: asemaye "method" atoa ahadi. Asema ya kuwa mtu mwingine, akishika hatua zile zile, atapata tunda lile lile. Mwalimu anyamazishaye darasa kwa kupiga kelele ana "way" yake, lakini hana "method". Mfanya biashara aliyepata faida mara moja kwa bahati, asiseme ana "method". Ahadi ambayo huwezi kuitimiza, usiitoe, hata kwa neno moja la kigeni.

"Means", kitu kilicho katikati

"Means" ni ndugu wa "moyen" ya Kifaransa, na maana yake ya zamani ni katikati. Ni kile kisimamacho kati ya mtu na shabaha yake. Hapa swali si "kwa namna gani?", bali ni "kwa kitu gani?". Chukudu ya Goma ni "a means of transport", na mtumbwi wa ziwa Tanganyika vilevile. Angalieni tena: neno hili huwa na "s" mwishoni hata likitaja kitu kimoja. Kifaransa chasema "un moyen", lakini Kiingereza hakisemi "a mean". Pasipo "s" hiyo utaingia mahali pengine kabisa, kwani "mean" peke yake ni tendo la kumaanisha, na tena ni sifa ya mtu mchoyo au mwenye roho mbaya.

"Means" ni mali pia. "A man of means" ni mtu mwenye uwezo. "To live within one's means" ni kuishi kadiri ya mapato. Huko Marekani, katika bunge lao, kuna halmashauri iitwayo "Ways and Means", iliyo ya kudumu tangu mwaka 1802. Kazi yake kubwa ni kutazama kodi, yaani serikali itapata wapi fedha. Kumbe maneno yale mawili yaweza kusimama pamoja bila kuwa kitu kimoja.

"By all means" ni ruhusa yenye ukarimu: bila shaka, fanya. "By no means" ni kukataa kabisa: hata kidogo. Msomaji wa haraka ayaone maneno hayo vizuri kabla ya kujibu barua.

Neno hili lagusa hata dhamiri. Katika Kiingereza shabaha huitwa "end", na kitu kitumikacho kuifikia huitwa "means". Kanisa lafundisha ya kwamba shabaha njema haigeuzi tendo baya kuwa jema. Baba amtakia mtoto wake cheti cha shule. Shabaha hiyo ni njema. Kununua cheti hicho kwa rushwa ni "means" mbaya, na wema wa shabaha hautaisafisha. Watu wapendao kuficha jambo hilo huita rushwa "njia nyingine". Mwenye kutenga maneno haya mawili, shabaha upande huu na kitu kitumikacho upande huu, hadanganyiki upesi.

"Technique", "procedure" na "process"

"Technique" ni ufundi wa mkono au wa mwili, upatikanao kwa mazoezi. Kuiongoza chukudu yenye magunia katika mteremko kwahitaji "technique". Waweza kueleza kwa maneno, lakini mwanafunzi hataijua mpaka mikono yake ijifunze.

"Procedure" ni utaratibu uliowekwa na wakubwa au na sheria: kwanza karatasi hii, kisha sahihi ile. Lakini jihadharini. Kwa Kifaransa "procédure" hutukumbusha mahakama na ofisi. Kwa Kiingereza cha hospitali, "procedure" mara nyingi ni tendo lenyewe litakalofanyika katika mwili wa mgonjwa, na laweza kuwa upasuaji. Tuseme mama wa Beni ampeleka mtoto wake hospitali ya Kampala. Muuguzi amletea karatasi iliyoandikwa ya kuwa mzazi akubali "the procedure". Mama aliyesoma Kifaransa aweza kudhani ya kuwa anakubali tu utaratibu wa ofisi, kumbe anakubali mtoto apasuliwe. Labda kupasuliwa kwafaa sana. Lakini ni haki ya mzazi kujua anachotia sahihi. Basi ukikuta neno hilo hospitalini, weka kalamu chini, uulize: mtamfanyia nini, wapi mwilini, na kwa nini? Hakuna daktari mwema atakayeudhika kwa swali hilo.

"Process" ni jambo liendalo lenyewe hatua kwa hatua, hata mtu akilala. Pombe ichachapo, mbegu iotapo, kidonda kifungapo, hayo ni "process". Mtu aweza kuianzisha, kuiharakisha au kuiharibu, lakini yeye siye aifanyaye.

Tuyajaribu maneno haya katika unga wa mihogo

Maneno yakibaki ubaoni husahaulika. Tuyalete jikoni, katika jambo ambalo limewaponya watu wa nchi yetu.

Mihogo michungu ina sumu ndani yake. Wazee wetu walijua kuilowesha majini siku 3 au 4 kabla ya kuianika, na sumu ikapungua. Lakini watu wakishikwa na njaa, au na haraka ya kuuza, hupunguza siku. Hapo hutokea ugonjwa wa konzo. Miguu hupooza ghafula, na haiponi tena kabisa. Huwapata hasa watoto na akina mama wa umri wa kuzaa, wale walao mihogo isiyotengenezwa vizuri kwa majuma mengi, huku wakikosa maharagwe, samaki au nyama. Jina la konzo latoka kwa Wayaka wa Kwango, nalo lataja miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938.

Mwanasayansi Howard Bradbury, wa chuo kikuu cha taifa cha Australia, pamoja na wenzake, walitafuta namna ya kupunguza sumu iliyobaki katika unga. Waliiita kwa Kiingereza "the wetting method". Tangu mwaka 2010 akina mama wa Popokabaka, huko Kwango, walifundishwa kazi hiyo. Katika kijiji cha kwanza kilichofundishwa hakuonekana mgonjwa mpya wa konzo muda wote wa mafundisho. Kazi yenyewe ni hii: Mama atia unga katika bakuli na kuweka alama mahali unga unapofika. Atia maji na kukoroga; kwanza unga washuka, kisha wapanda tena mpaka ile alama. Autandaza juu ya mkeka safi, unene usiozidi sentimita 1. Auacha saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Kisha apika ugali siku ile ile.

Sasa tugawe maneno. Kwa nini waliuita "method", wala si "way" tu? Kwa sababu ni hatua zilizopimwa, na mama wa kijiji chochote akizishika atapata tunda lile lile. Bakuli, maji na mkeka ni "means": pasipo vitu hivyo kazi haianzi. Sumu itokayo katika unga na kupotea hewani, mama akiwa anafua nguo zake, ni "process": yeye haifanyi, yeye aipa nafasi na muda. Mkono utandazao unga sawasawa bila kuurundika una "technique". Na upole ambao muuguzi autumia kuwafundisha wazee, pasipo kudharau desturi zao, ni "manner" yake.

Tazameni pia hatari ya kuyachanganya. Mtu akiichukua "method" kama "way", atasema: kila mtu ana njia yake, mimi nitaacha unga nusu saa tu. "Way" yampa mtu uhuru wa kuchagua. "Method" yamwomba ashike mpango wote. Anayekata nusu ya hatua amebaki na jina tupu, na sumu imebaki katika ugali wa watoto wake.

Kanuni ya kushika

Msikariri haya yote kama kasuku. Ukitaka kuandika, jiulize swali. Je, nataja kitu kitumikacho? Andika "means". Je, nataja mpango wa hatua ambao mwingine aweza kuurudia? "Method". Utaratibu uliowekwa na wakubwa, au tendo la daktari? "Procedure". Ufundi wa mkono? "Technique". Jambo liendalo lenyewe? "Process". Sura ya tendo machoni pa watu, kwa lugha ya heshima? "Manner". Na usipoona sababu ya kuchagua hata moja, andika "way", ulale usingizi mzuri. Neno fupi la kweli lapita neno refu la kujionyesha.

Na ukisoma au kusikiliza wengine, fanya kinyume chake. Mtu akikuambia ana "method" ya kutajirika upesi, mwulize hatua zake ni zipi, na nani mwingine amezishika akafaulu. Akikosa jibu, basi ana maneno tu, na fedha zako zikae mfukoni.

Zoezi la nyumbani

Wanafunzi, jazeni nafasi kwa neno lifaalo. Wazazi wajuao Kiingereza kidogo wajaribu pamoja na watoto.

1. A canoe is a ...... of transport.
2. I do not like the ...... he speaks to his mother.
3. Move that chair. It is in the......
4. She greeted the old men in a respectful ......
5. Before the ......, the doctor asked the father to sign.
6. The drying of fish is a slow ......
7. The teacher follows the Montessori ......

Majibu: 1. means, 2. way, 3. way, 4. manner, na "way" pia si kosa, 5. procedure, 6. process, 7. Method, nalo laandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu limekuwa sehemu ya jina.

Aliyepata 5 au zaidi, ajipongeze. Aliyepata chini ya 5, arudie kusoma polepole, kisha ajaribu tena kesho, kwani penye nia pana njia. Waingereza nao wana methali hiyo hiyo, nao hutumia humo neno gani? "Where there is a will, there is a way." Katika maneno yao yote marefu, walichagua lile dogo la wakulima.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.